Siku Niliyofasiri Roboti Mbele ya Tonton

Ninyi vijana mkitaka kuangalia filamu mnatoa simu mfukoni, mnainamisha shingo, basi. Kila mtu na filamu yake, kila mtu na kimya chake. Sitawagombeza. Nimeombwa niwaeleze kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na nimeona kwamba lazima kwanza niwaeleze kwamba kazi hiyo ilikuwepo.

Nilikuwa mfasiri wa filamu katika ukumbi wa video. Ukumbi wetu ulikuwa mtaa wa Kadutu, chini kidogo ya soko, kwenye mteremko ambao mvua ikinyesha maji yanakaa benchi za mbele bila kulipa. Kuta zilikuwa za mbao, juu bati, televisheni moja imefungiwa ndani ya kabati la chuma kama mfungwa, na nje jenereta, ambayo sisi tunaiita gurupu, inapiga kelele kuliko filamu yenyewe. Filamu zilitoka pande zote za dunia, na hazikusema lugha ya mtu yeyote aliyekaa mle ndani. Mimi nilikaa kando ya televisheni na mikrofoni, nikasema kwa Kiswahili kila kilichosemwa. Nilikuwa polisi, nilikuwa mwizi, nilikuwa mama wa mwizi, na ikibidi nilikuwa mbwa.

Nitawaambia siri za kazi, kwa kuwa sasa hazina mwenyewe. Kunywa maji ya uvuguvugu, usinywe baridi. Usiangalie midomo ya wanaosema, angalia macho ya wanaosikiliza. Hao ndio watakuambia kilichosemwa kilikuwa kibaya au kizuri. Usiwape watu wa filamu majina mengi. Mkubwa, mbaya na mrembo wanatosha, wengine wote waite "yule". Watu wakianza kubusiana, sema wanasalimiana, kwa sababu mama wa watu wametoka misa na wamekuja na watoto. Na usimuue mtu mapema. Mimi niliwahi kumuua mkubwa wa filamu kabla ya nusu. Alikuwa ameanguka tu, amezimia, lakini mimi nilishamlilia, nikamwombea, nikawaaga watu kwa niaba yake. Aliposimama tena, watu wa benchi za nyuma walidai warudishiwe kiingilio. Ilinibidi niseme kwamba huyu ni pacha wake. Kuanzia hapo mpaka mwisho nilikuwa na kazi ya kueleza kwa nini mke wa marehemu hashangai.

Kifaransa changu kilikuwa kidogo, maana niliacha shule kabla ya kumaliza msingi. Kiingereza sikuwa nacho kabisa, na Kichina ndiyo usiseme. Wengi wenu mtauliza, sasa ulikuwa unafasiri nini? Nilikuwa nafasiri watu. Mtu akidanganya, hata Mchina, anadanganya na mabega.

Aliyenifundisha ni mwenye ukumbi, Papa Deo. Aliwahi kusoma seminari, akatoka kabla ya kuwa padri, kwa sababu ambazo alizibadilisha kila alipoulizwa. Alitoka na mambo matatu: Kilatini kidogo, kamusi nene ya Kifaransa isiyo na jalada, na sauti nzito ya kuimba misa ya wafu. Shida ilikuwa hiyo sauti. Zamani alikuwa anafasiri peke yake, wanaume na wanawake wote kwa sauti ile ile, na bibi harusi akifungua kinywa ukumbi mzima unalala chini kwa kicheko. Mimi wakati huo nilikuwa nauza karanga mlangoni. Siku moja kulikuwa na mwanamke analia juu ya mwili wa mumewe, Papa Deo akamlilia, watu wakapiga benchi kwa kucheka. Akageuka, akaniona.

"We wa karanga," akasema, "njo ulie hapa."

Nililia. Hakuna mtu aliyehitaji kunifundisha, kwa kuwa mama alikuwa amekufa mwaka ule ule, na baba alimtangulia. Benchi hazikupigwa tena. Filamu ilipoisha Papa Deo alizima gurupu, akaniambia nije kesho, karanga niziache nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na wadogo zangu wawili, Mugisho na Furaha. Mimi, Nsimire, ndiye yaya wao. Kwetu yaya ni mkubwa wa tumbo moja, awe mwanamume au mwanamke, na ni neno zuri sana la heshima ambalo maana yake ni kwamba chakula kikikosekana utaulizwa wewe.

Sasa niwaambie juu ya kilio, maana bila hilo hamtaelewa roboti. Mtu akifa kwetu, watu wanakuja kulia, wanalala chini, wanapika, wanaimba. Siku ya kumaliza kilio, miezi kadhaa baadaye, familia inakaa kuzungumza. Kilio cha mama kilipoisha, familia ilikaa. Kwanza waligawa vitu: kitanda, radio, mashine ya kushona. Kisha, kabla hawajainuka, kwa sauti ile ile, wakatugawa sisi. Aliyeongoza mazungumzo ni tonton Bashige, mdogo wa baba, mkulima wa Mudaka. Mugisho angeenda kwake Mudaka, amsaidie na ng'ombe. Furaha angeenda kisiwa cha Idjwi kwa dada ya baba, amsaidie na nyumba. Mimi ningeolewa Luvungi, na mwanaume mwenye mashamba mengi ya mpunga na meno machache, ambaye nadhani naye alihitaji kusaidiwa.

Tonton hakuwa mtu mbaya. Hilo mlishike, la sivyo hadithi yangu itawadanganya. Alitupenda kama mkulima anavyopenda mvua, kwa kufikiria shamba lake. Nilipiga magoti mbele ya familia nikaomba waniachie wadogo zangu. Aliuliza kwa upole nitawalisha na nini. Nikasema nafasiri filamu. Wazee waliangaliana.

"Utabalisha na maneno?" akauliza.

Nikasema ndiyo, na maneno. Walicheka, lakini kicheko kile kilinisaidia, kwa sababu mtu akishacheka hana nguvu ya kukataa mara moja. Tonton akasema basi, kwa kuwa Furaha na Mugisho walikuwa katikati ya mwaka wa shule, atatuacha mpaka shule zifungwe. Zikifungwa, atakuja mwenyewe kutuchukua.

Kwa hiyo nilifasiri filamu mwaka ule kama mtu anayesikia gari linakuja kwa mbali. Kila filamu iliyoisha ilinisogeza karibu na Luvungi.

Shule zikafungwa. Na Jumapili iliyofuata, Papa Deo akaleta filamu ya watu wa chuma.

Alikuwa ameinunua kwa mtu wa mpakani bila kuiangalia, kwa sababu kwenye kasha kulikuwa na moto na bunduki. Asubuhi tuliijaribu kidogo. Hakukuwa na bunduki nyingi. Kulikuwa na tajiri, nyumba yake kubwa, na watumishi wa chuma wanaotembea kama watu na kusema kama watu. Papa Deo akasema wale wanaitwa roboti. Nikamwuliza roboti ni nini. Kwa hilo hakujibu kwa kubahatisha. Alikuwa na heshima kwa maneno kuliko kwa wateja. Akachukua kamusi yake, akalamba kidole, akapekua, akasoma kwa sauti ya misa.

Akaniambia neno lile halikutoka kwa mafundi wa mashine. Lilitoka kwa Wacheki, watu wa katikati ya Ulaya. Zamani kule mkulima hakuwa huru. Kila juma alikuwa na siku zake za kufanya kazi kwenye shamba la bwana mkubwa, bila malipo, apende asipende. Kazi ile kwa lugha yao ndiyo iliitwa robota. Baadaye sana mwandishi mmoja wa michezo ya jukwaani akabuni hadithi ya watumishi waliotengenezwa kiwandani, akalitumia neno hilo kuwaita. Dunia nzima ikalichukua, ikasahau shamba, ikabaki na chuma.

"Kazi ya lazima ya bila malipo," Papa Deo akasema, akafunga kamusi. "Iko salongo."

Salongo hata ninyi mnaijua. Jumamosi asubuhi kila mtu anatoka na jembe au fagio kusafisha njia na mifereji ya mtaa. Wakati wa utawala wa zamani, ukikosa ulijuta. Papa Deo alikuwa ameshaifanya, akiwa amevaa kanzu ya seminari, na aliikumbuka kwa magoti yake.

Nikafurahi, nikasema neno limepatikana. Maana Papa Deo alikuwa na sheria moja kubwa ya kazi, na nawapa ninyi bure: usifasiri kitu cha kule kwa kitu kingine cha kule. Kilete Kadutu. Mfalme wa filamu awe mwami, theluji iwe mvua ya mawe iliyosahau kuyeyuka, na benki iwe nyumba ya watu wasiokujua. Watu wetu walikuwa na haki yao. Wakiona kitu hawakielewi, mmoja anasema "Fasiria", Papa Deo anasimamisha picha, na picha haiendi mpaka waliokaa wameridhika. Filamu nyingine zilichukua mchana mzima kwa sababu ya farasi.

Mchana ule, watu walikuwa wamejaa, nimewakalisha Mugisho na Furaha chini karibu na miguu yangu kama kawaida, nikasikia watu wa mlangoni wanasema karibu papa, karibu. Nilimwona tonton Bashige amesimama kwenye mwanga, koti la kilio mwilini, kofia kichwani. Alifika nyumbani akakuta kufuli, majirani wakamwelekeza.

Nilizima mikrofoni, nikaenda kumsalimia. Alinijibu vizuri, akauliza kama tuko salama, kisha akasema amekuja kama tulivyopatana, vitu vya watoto viwe tayari, gari la Mudaka linaondoka kabla ya jua kuzama. Papa Deo akamwambia filamu ndiyo kwanza inaanza na mimi ndiye kinywa chake. Afadhali mgeni akae kidogo, nikimaliza tutaondoka wote. Akampa nafasi benchi ya mbele, katikati, ya wageni wa heshima. Tonton hakuwahi kuingia ukumbi wa video. Alikaa kama mtu aliye kanisani kwa dini nyingine. Furaha, ambaye mama alimlea vizuri, akamfuata, akapokea kofia yake, akasimama kando ukutani ameishika kwa mikono miwili.

Kwa hiyo mnaona nilipokuwa. Filamu ikiisha, wadogo zangu wamekwenda. Nimewahi kuombea gurupu iwe na mafuta, lakini siku ile niliiombea ife. Haikufa. Siku nyingine ilikuwa inazimika kila mtu akikohoa. Siku ile iliunguruma kama mpya.

Nikaanza kufasiri. Tajiri anakula na familia yake, na yule wa chuma amesimama karibu na mlango wa jikoni, sahani mikononi, anangoja. Hapo ndipo Maman Zawadi akainua mkono. Maman Zawadi alikuwa anauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, sokoni, alikuja kila Jumapili, na sauti yake haikuhitaji mikrofoni.

"Nsimire, simamisha kwanza," akasema. "Ile kitu ya chuma, iko mutu ao iko sanduku?"

Papa Deo akasimamisha picha. Nikasema ile ni roboti.

"Roboti tumesikia. Fasiria."

Nikatoa neno langu la asubuhi. Nikasema roboti ni mtu wa salongo, wamemtengeneza ili afanye salongo kila siku. Wazee wachache waliguna, maana waliielewa mara moja, na nikadhani nimemaliza. Lakini nyuma kulikuwa na msukuma mkokoteni mmoja ambaye kila filamu aliibishia.

"Salongo tunaijua," akasema. "Tunaenda, tunaegemea jembe, tunapiga story, chef wa mtaa akigeuka tunatoroka. Sasa huyu ju ya nini hatoroki?"

Watu wote wakasema ndiyo, ju ya nini hatoroki. Lilikuwa swali zuri, na mpaka leo nadhani aliyeandika kamusi hakujiuliza. Niliangalia picha iliyosimama. Wanaokula wamekaa, asiyekula amesimama, sahani mikononi. Nikatafuta Kadutu yote nani hawezi kutoroka ingawa mlango uko wazi. Sikutafuta mbali.

"Atatorokea wapi?" nikasema kwenye mikrofoni. "Munasikiza. Munajua ule mutoto mwenye wazazi wake balikufa, kilio ikiisha familia inamupeleka kwa ndugu. Anaamuka wa kwanza, analala wa mwisho. Anakula kama bengine bamemaliza. Habamulipe, ju iko mutoto wa nyumba. Hachoke, ju hakuna mutu anamuuliza kama amechoka. Bageni bakikuja, banasema: huyu ni mutoto wetu. Bageni bakienda, banasema: leta maji. Ile ndiyo roboti."

Kisha Papa Deo, bila kuniangalia, akaachia picha.

Niliwaambia msiangalie midomo. Mimi mchana ule sikuangalia hata filamu. Nilifasiri kwa sikio na macho yangu yalikuwa kwa tonton, benchi ya mbele. Na ukumbi ulikuwa umebadilika. Watu waliacha kumwita yule wa chuma "kile kitu". Tajiri akimwamrisha, Maman Zawadi anajibu kwa niaba yake. Akimwagiwa maji, mtu wa nyuma anasema mupe nguo. Wageni walipokuja kwa tajiri na akaweka mkono kwenye bega la roboti akatabasamu, ukumbi mzima ukasema, pamoja, kama majibu ya misa: huyu ni mutoto wetu.

Mwishoni roboti anakataa. Anaweka sahani chini na kusema hapana, na tajiri anaita watu wamvunje. Nilisema ile hapana kwa sauti yangu mwenyewe, sikumtafutia nyingine. Nikamwona tonton Bashige anatoa kitambaa mfukoni. Alikuwa analia. Mabega yake, ambayo hayakutikisika kwenye kilio cha kaka yake, yalikuwa yanatikisika kwa mtu wa bati.

Nikasema moyoni, amesikia. Nimemfasiria, na amesikia.

Taa ikawaka. Tonton akapangusa macho, akaniita karibu.

"Ile kitu imeniumiza sana," akasema. "Kule Mudaka niko na jirani moja, anafanya vile vile na mutoto wa ndugu yake. Nikifika nitamwambia." Kisha akasimama, akakunja kitambaa. "Haya. Bitu bya batoto biko wapi? Gari itatuacha."

Kuna siku mfasiri anafanya kazi yake yote vizuri, kila neno limefika, na kila aliyelisikia amempelekea jirani.

Tulifuata watu kuelekea nje. Mlango wa ukumbi ulikuwa mmoja na mwembamba, Papa Deo aliutaka hivyo ili mtu asiingie bila kulipa, kwa hiyo kutoka kulichukua muda na watu walikuwa wanazungumza huku wanasukumana. Maman Zawadi alikuwa mbele yetu na ndoo yake. Akamgeukia tonton kwa heshima zote, akamsalimia, akamwuliza anatoka wapi na atalala mjini.

Tonton naye alikuwa mtu wa adabu. Akajibu kwamba hapana, anarudi Mudaka leo, amekuja tu kuchukua watoto wa marehemu kaka yake. Akaeleza kwa fahari, kwa kuwa kwake ilikuwa kazi njema: mkubwa anaolewa Luvungi, wa kiume atasaidia na ng'ombe, wa kike atamsaidia dada yake kule Idjwi.

Maman Zawadi akahamisha ndoo yake toka mkono huu kwenda mkono mwingine.

"Basi papa," akasema taratibu, "moja Luvungi, moja Idjwi, moja kwako. Ni roboti tatu."

"Anafungula usine ya kutengeneza roboti," akasema yule msukuma mkokoteni.

Watu wakacheka. Tonton naye alianza kucheka, maana mgeni anacheka na wenyeji wake. Alicheka kidogo, kisha nikaona kicheko kinamwacha usoni kama maji yanavyoacha sahani. Akageuka kutafuta kofia yake. Furaha alikuwa amesimama ukutani pale pale alipomwacha, toka mwanzo wa filamu hadi mwisho, kofia mikononi, anangoja. Wengine wote tulikuwa tumekaa.

Tonton alimwangalia kwa muda mrefu. Sijui aliona nini. Sikuwa na mikrofoni na hakuna aliyeniomba nifasiri. Alinyoosha mkono, akachukua kofia yake mwenyewe.

"Umekula?" akamwuliza.

"Hapana, tonton."

"Umechoka?"

Furaha aliniangalia mimi kwanza, kwa sababu hakujua jibu la swali lile ni lipi. Nikatikisa kichwa kumruhusu. Akasema ndiyo, amechoka.

"Basi wende mukule na yaya yako," tonton akasema. Akavaa kofia. Kwangu mimi akasema tu kwamba gari linamwacha, na kwamba kule Luvungi atatafuta maneno ya kuwaambia. Akapenya katikati ya watu, wakampisha, akapanda mteremko peke yake na koti lake la kilio. Msimu wa maharage ulipofika, mtu wa Mudaka alileta gunia mlangoni kwetu. Hakukuwa na ujumbe. Mpaka alipokufa tonton hakuzungumza tena habari ya filamu ile, na mimi sikumuuliza kama alimwambia jirani.

Neno lilibaki mtaani. Kwa miaka mingi Kadutu, mtu akileta mtoto wa ndugu kutoka kijijini na mtoto yule akaonekana kisimani kabla ya watu kuamka, utasikia wanawake wanaulizana: huyu bamemuleta asome, ao iko roboti? Sidai kwamba tulibadilisha dunia. Watoto waliendelea kuletwa. Lakini wenye nyumba walianza kuwavalisha viatu siku za Jumapili, na nadhani hilo ndilo jambo kubwa zaidi ambalo filamu yetu yoyote iliwahi kufanya.

Mimi niliendelea na kazi. Kanda zikaondoka, zikaja diski, diski zikaondoka, kikaja kijiti kidogo kinachobeba filamu zote za Papa Deo na nafasi inabaki. Papa Deo akazeeka, akafa, kamusi akaniachia mimi. Niliamka wa kwanza, nililala wa mwisho, nilikula wengine walipomaliza. Mugisho akawa fundi wa umeme. Furaha akasoma mpaka mwisho wa kusoma, na leo anafundisha lugha kwenye shule ya sekondari. Nikiwa na umri wa kupumzika, wote wawili walinikalisha chini wakaniambia, kwa upendo mwingi, kwamba nimefanya kazi kama roboti. Niliwashukuru. Nani mwingine angekuwa na haki ya kusema?

Ni Furaha aliyenipigia simu siku moja kuniambia kwamba kamusi ya Papa Deo ilikomea njiani. Alikuwa anaandaa somo lake, akafuata lile neno nyuma kuliko alivyofuata padri wetu aliyeshindwa. Kwanza, akasema, yule mwandishi wa mchezo hakulibuni yeye; alikuwa na neno la Kilatini, halikumpendeza, akaenda kumwuliza kaka yake, mchoraji. Kaka ndiye aliyelitoa. Nikamwuliza yupi alikuwa mkubwa. Akasema kaka.

"Nilijua," nikamwambia.

Kisha akaniambia la pili, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Wanaochimba maneno, akasema, wanaona kwamba chini ya robota kuna mzizi wa zamani sana, kabla ya Wacheki kuwa Wacheki. Mzizi ule ule umezaa neno la Wafaransa la kusema yatima, na neno la Wajerumani la kusema urithi. Ulimaanisha kitu kinachobaki mwenyewe akifa, kikahama kutoka mkono huu kwenda mkono mwingine.

Nikakumbuka kitanda, radio, mashine ya kushona, halafu sisi. Nikamwambia kwamba wazee wale wa zamani sana, inaonekana, nao walikuwa wanakaa kuzungumza kilio kikiisha. Akasema, "Lakini yaya, weye hukusoma hata ile kamusi. Ulijua namna gani?" Nikamjibu kwamba sikujua chochote. Niliulizwa ju ya nini hatoroki, nikaangalia nani ameshika kofia.

Juzi mtoto wa Mugisho, Aganze, ambaye huniita tantine, yaani shangazi, amekuja na simu yake kunionyesha kitu. Anaweka filamu yoyote, anabonyeza, na sauti inatoka kwa Kiswahili safi cha pwani, sauti ya mwanaume, ya mwanamke, ya mtoto, unachagua. Haikohoi. Haimuui mtu mapema. Busu inaiita busu. Nilisikiliza filamu nzima kwa heshima, kama fundi anavyosikiliza fundi. Mahali fulani nilisema "Fasiria", kwa mazoea. Iliendelea tu.

Aganze alikuwa ananiangalia kwa huruma. Akaniuliza kama sikasiriki, ju mashine imenikamatia kazi.

Nikamwuliza kama inafanya kazi mchana na usiku. Akasema ndiyo. Nikamwuliza kama inalipwa. Akacheka. Nikamwuliza kama inaingia nyumba ya kila mtu anayeitaka, na kila mtu anaiamrisha anavyopenda. Akasema ndiyo tantine, ndiyo uzuri wake.

"Iko na yaya?" nikamwuliza.

Akadhani sikumwelewa. "Hapana, tantine. Iko mashine tu."

"Basi hakukuwa mutu wa kupiga magoti aiombee," nikamwambia. "Ndiyo maana baliikamata."